Tupeane uzoefu: meli ndogo ya mtoni, uliichagua kwa kuangalia nini?

Mama_BelAir (Lubumbashi)

Habari zenu bote. Mwaka ujao mimi na mzee wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Badala ya hema, viti vya kukodi na spika hadi asubuhi, tumekubaliana kuchukua zamu yetu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, tuongeze akiba, twende kulala juu ya maji. Si bahari, ni mto. Mzee ni mtu wa wanyama. Ukimwacha mbele ya tembo mmoja hakuulizi chakula mpaka jua lizame. Mimi nataka kujua watu: nani anaishi kando ya mto huo, wanavua vipi, wanamwabudu nani, mfalme wao ni yupi. Na tunakwenda na mama mkwe, ambaye magoti yake hayataki ngazi.

Nimepitia matangazo mengi. Kila meli inaonyesha kitanda cheupe na meza yenye maua. Hakuna hata moja inayoniambia nitaona nini nikikaa pale, saa ngapi, na nani atanieleza. Kwa hiyo nawaomba mliokwisha kupanda, iwe Zambezi, Chobe, Nile au Lualaba yetu hapa: mlichagua kwa kuangalia nini? Na mkiwa majini, ni kitu gani kilikuwa na maana kweli? Nitasoma kila neno.

Njia_ya_Kasumbalesa

Mama, shikamoo. Mimi barabara ya Zambia ni kazi yangu, na Chobe nimeifikia na familia. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu ukiuliza wanyama na mto kwa mtu wa Lubumbashi, mahali pa karibu penye meli za kulala ni pale.

Njia yenyewe: Kasumbalesa, Kitwe, Ndola, Kapiri, Lusaka, halafu Livingstone. Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kama kilomita 470, msiifanye usiku. Ukitoka Livingstone unafika Kazungula kwa saa moja hivi. Zamani pale palikuwa na pantoni, malori yakilala foleni. Tangu Mei 2021 kuna daraja la mita 923 na unavuka Botswana bila kusubiri chombo. Kasane iko karibu tu hapo mbele.

Sasa meli. Kwenye Chobe kuna za aina mbili. Kuna meli-hoteli, kubwa kuliko zote ikiwa na vyumba 14 na urefu wa mita 45. Na kuna nyumba za majini zenye vyumba vinne au vitano tu. Ukisikia 14 utadhani ni ndogo, na kweli ni ndogo ukilinganisha na za Ulaya, lakini sisi tulichukua ile ya vyumba vichache na sababu ni moja: idadi ya watu wanaogawana boti ya kutokea. Mama, meli kubwa haikusogezi karibu na mnyama. Inatia nanga. Anayekusogeza ni ile boti ya aluminiamu inayofungwa ubavuni, yenye viti vichache na injini nyuma. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye vijito, inayozimwa injini na kuachwa ielee mpaka mahali tembo wanapokunywa maji. Kwa hiyo swali la kwanza mtakalouliza lisiwe la chumba. Ulizeni: boti za kutokea ni ngapi, watu wangapi kwa kila boti, na zinatoka mara ngapi kwa siku.

Tulichokiona sitakisahau. Katikati ya mto kuna kisiwa cha majani kiitwacho Sedudu upande wa Botswana, Kasikili upande wa Namibia. Nchi hizo mbili zilikigombania hadi mahakama ya kimataifa ya The Hague, ikakipa Botswana Desemba 1999. Watu hawaishi pale. Tembo ndio wanaovuka kwenda kula. Walishuka jike mmoja mbele, watoto katikati, wakaingia maji mengi mpaka vichwa vikapotea, ikabaki mikonga tu juu ya maji inavuta hewa. Mwongozaji wetu alizima injini mbali, akasema tusipite kati yao na ukingo, kwa sababu mtoto akichoka mama yake anahitaji njia. Boti nyingine ya watalii wa siku moja ikaja na muziki na kujisogeza mbele kabisa. Tembo wakageuka wakarudi. Nikaelewa hapo kwamba pesa yetu ilikuwa imenunua yule mwongozaji, si kitanda.

Golf_Meteo

Nakubaliana na mukubwa hapo juu. Mtu wa kuuliza habari zake ni mwongozaji. Uliza kama ni mzaliwa wa kando ya mto ule ule.

Dada_Kolwezi

Mama, mimi nilikwenda Nile, Misri, na kikundi cha parokia baada ya hija. Nikueleze mapema: kama mzee anataka wanyama, usimpeleke pale. Mamba wa Nile waliosalia Misri wako juu ya bwawa kuu la Aswan, lililomalizika 1970, katika Ziwa Nasser. Chini ya bwawa, kati ya Luxor na Aswan, utaona punda, ng'ombe, nyati wa kufugwa, na ndege wa majini wengi wazuri. Basi.

Lakini wewe unayetaka watu na historia, pale utalia kwa furaha. Na huko ndiko nilikoelewa maana ya meli ndogo. Meli za kawaida za Luxor–Aswan ni ghorofa zinazoelea, zinafungwa gatini ubavu kwa ubavu, tano au sita. Ukifungua pazia unaona chumba cha jirani. Sisi tulipanda dahabia, chombo cha tanga mbili kubwa, vyumba vichache, wafanyakazi wa kijiji kimoja. Dahabia nyingi huanzia Esna kwenda Aswan, na sababu yake ni ya zamani sana: pale upepo hutoka kaskazini, kwa hiyo tanga hukusukuma kupanda mto kinyume na maji. Upepo ukikosekana, boti ndogo ya injini inavuta kwa kamba.

Faida yake ni mahali pa kusimama. Meli kubwa zinasimama Edfu na Kom Ombo, na ni vizuri, hekalu la Kom Ombo la Sobeki, mungu mwenye kichwa cha mamba, lina hadi mamba waliokaushwa kwa kuzikwa. Ila dahabia inasimama pia El Kab, ambako makaburi yamechongwa mlimani, na Gebel el-Silsila, ambako mto unabanwa na miamba ya mchanga. Mawe ya mahekalu mengi ya Misri yalikatwa pale. Tulishuka asubuhi, hakuna watu wengine, tukagusa alama za patasi ukutani. Kisha mpishi akatupeleka kwa dada yake kijijini, tukakaa chini tukala mkate uliotoka tanurini. Hakuna aliyetuuzia kitu.

Kwa magoti ya mama mkwe: dahabia ina ngazi, na kushuka ukingoni ni kwa ubao mwembamba. Vijana wanamshika mtu mkono vizuri, lakini aseme mwenyewe kama anaweza.

Mama_BelAir

Aksanti sana, dada. Umenionjesha. Lakini mzee amesoma juu ya bega langu hapa kwenye "wanyama, usimpeleke" na amekwisha kurudi Chobe. Swali langu kwa Njia_ya_Kasumbalesa na wengine: huko Zambezi, utamaduni uko wapi? Nisije nikarudi na picha za tembo peke yake.

Baba_Limulunga (Kipushi)

Mama, naomba nijibu mimi, maana mke wangu ni Mlozi na nyumba ya wakwe iko Mongu.

Mto Zambezi unazaliwa karibu sana nasi, upande wa Mwinilunga, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo. Unakwenda kama kilomita 2,570 mpaka bahari. Kabla haujafika Livingstone unapita Barotse, uwanda mkubwa unaofunikwa na maji kila mwaka. Watu wa pale, Walozi, wamepanga maisha yao yote kwa mafuriko hayo. Maji yakipanda, mfalme wao, Litunga, anahama kutoka Lealui uwandani kwenda Limulunga kwenye nchi ya juu. Anapanda Nalikwanda, chombo cha mistari myeusi na myeupe, juu yake sanamu ya tembo ambayo masikio yake yanachezeshwa, na wapiga makasia zaidi ya mia moja. Kabla ya hapo ngoma kubwa za kifalme zinalia usiku. Litunga anaondoka na vazi jingine, lakini anaposhuka Limulunga amevaa sare ya amiri wa jeshi la maji la Uingereza. Mfalme Edward VII alimpa Lewanika, Litunga wa wakati huo, sare ya namna hiyo 1902 na desturi imebaki. Wakwe zangu walinipa mahali pa kusimama ukingoni. Wazee wa kiume walilia, na mimi mgeni nikalia pamoja nao.

Sasa sikiliza vizuri, mama, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganya. Kuomboka, yaani huko kuhama kwa Litunga, ni Machi au Aprili, na tarehe yake inatangazwa karibu karibu, kwa kuangalia maji. Mwaka wa ukame haifanyiki. Wakati huo huo maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) pale Livingstone yamejaa kabisa, yale mita 108 hutaziona kwa moshi wa maji. Lakini tembo wa Chobe wakati huo hawako mtoni, maana mvua imeacha madimbwi msituni na wanakunywa huko. Tembo wanashuka mtoni msimu wa kiangazi, Julai hadi Oktoba, na kadiri ukavu unavyozidi ndivyo wanavyoongezeka. Oktoba hiyo maporomoko upande wa Zambia yanaweza kubaki mwamba mtupu mahali pengi. Huwezi kupata vyote kwa safari moja. Mwenye tangazo linaloahidi vyote "mwaka mzima" anakuficha kitu.

Ila kiangazi hakikunyimi watu. Upande wa Namibia wa Chobe kuna vijiji vya Wasubiya, kisiwani Impalila na kwingine, na lugha ya soko ni Kilozi hadi huko, kwa kuwa ufalme wa Walozi ulifika. Omba meli ikupeleke kijijini kwa mguu, na uombe kukaa na mtu mmoja mwenye maneno, si kuchezewa ngoma dakika kumi na kuondoka.

Njia_ya_Kasumbalesa

Baba amesema kweli tupu. Niongeze tu kwamba sisi tulikwenda Agosti, asubuhi baridi kali kwenye boti, bebeni makoti. Na kuanzia Septemba kwenye kingo za udongo wanafika ndege wekundu waitwao kerem, wanachimba mashimo ya viota kwa mamia. Mchanga ukitokea katikati ya mto kuna ndege mwingine anayeruka huku mdomo wa chini unachana maji. Mzee atapenda.

Mwana_Bukama

Nimesoma yote kwa furaha, lakini moyo unaniuma kidogo kwamba tunazungumza mito ya watu na Lualaba iko hapa.

Mimi nilizaliwa Bukama. Reli ilifika kwetu 1918, na kutoka hapo watu waliteremka kwa meli za mvuke mpaka Kabalo na Kongolo, zaidi ya kilomita 600 za maji. Bado watu wanateremka, kwa boti za mbao za mizigo, wamekaa juu ya magunia. Mto unaingia kwenye nchi ya maziwa, Upemba, Kisale, na mengine madogo mengi. Mafunjo yanasimama pande zote kuliko kimo cha mtu. Kwenye Kisale utakuta wavuvi wamejenga vibanda juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Usiku unaona moto wa kupikia juu ya maji, unasikia mtoto analia, na ardhi haipo. Samaki wakavu mnaonunua Lubumbashi, wengi wanatoka huko.

Ukitaka historia, mama, huna haja ya Misri. Sanga, kando ya Kisale, wataalamu walichimba 1957 wakakuta makaburi mengi yenye vyungu vizuri sana, shanga, na misalaba ya shaba. Watu wale waliishi pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakivua kwenye maji yale yale na kupata shaba kutoka kusini, upande wetu huu wa migodi. Ufalme wa Waluba una mizizi pale. Nilisimama juu ya ardhi ile na babu yangu akiniambia majina ya machifu, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea.

Lakini sitakudanganya kwa mapenzi yangu. Meli ya kulala ya watalii sijaiona Lualaba. Zilizopo ni za biashara, hazina ratiba, hazina mahali pa mzazi mwenye magoti mabaya, na wengine hupakia mpaka ukingo wa boti unagusa maji. Wote tunakumbuka Oktoba 2024 huko Goma, chombo kilichojaa kupita kiasi kilizama mbele ya gati la Kituku, watu wanaangalia. Tangu hapo mimi sipandi chombo chochote kabla ya kuona jile za kuokolea kwa macho yangu, na kuhesabu kama zinawatosha watu. Hata kwenye hizo meli nzuri za Chobe, mama, ulizeni.

Ukitaka kuona Lualaba, njoo Bukama wakati wa kiangazi, tukodishe boti yenye injini nzuri kwa mchana, turudi kabla ya giza. Ulizia hali ya njia kwanza. Nitafurahi sana.

Mama_BelAir

Ndugu yangu, umenitoa machozi. Hiyo ya mchana tutaifanya, na si kwa ajili ya miaka 25, ni kwa ajili yetu.

Ya_Ruashi (Liège)

Salamu kutoka Ubelgiji. Huku mito imejaa meli za mita 135, watu karibu mia mbili, na wazazi wengi wa Kikongo huku watoto wao huwalipia Rhine kama zawadi. Nina jambo moja la kuwaambia: ulizeni habari za kina cha maji. Agosti 2022 Rhine ilikauka kiasi kwamba pale Kaub, mahali penye maji machache kuliko pengine, meli zilishindwa kupita. Shangazi yangu alikuwa safarini. Wakabebwa kwa basi kutoka meli moja hadi nyingine. Mto aliuona dirishani mwa basi.

Mwaka mwingine tulimpeleka Bourgogne, Ufaransa, kwenye boti ya zamani ya mizigo iliyotengenezwa vyumba. Boti zile ni za mita 38 na nusu, kwa sababu zilijengwa ziingie kwenye milango ya maji ya mifereji, yenye urefu wa mita 39 na upana wa mita 5.2, kipimo kilichowekwa kwa sheria ya 1879. Meli kubwa haziwezi kuingia huko hata zikitaka. Inakwenda taratibu kiasi kwamba shangazi alishuka mlango mmoja wa maji, akatembea kando ya mfereji akizungumza na wakulima, akaipanda tena kwenye mlango uliofuata. Mpaka leo anasimulia mzee mmoja aliyempa cheri. Rhine hasimulii.

Golf_Meteo

Hilo la kina linahusu na Chobe. Miezi ya ukavu uliza meli inaweza kufika wapi na wapi haifiki.

Kijana_wa_Makasia

Kuna walionitumia ujumbe kuuliza mitumbwi ya Chirundu, Zambezi ya chini, chini ya bwawa la Kariba. Nimefanya. Unalala kwenye hema visiwani na hakuna injini inayosikika kabisa. Waongozaji wanapita kando kando kwenye maji machache, wanagonga kasia kwenye ubavu wa mtumbwi ili kiboko ajitokeze mapema na ajue mnakuja, maana kiboko aliyeshtushwa huzamia kwenye maji mengi na hakuna mtu anayetaka kuwa katikati yake na kina. Kwa vijana wenye afya ni safari kubwa kuliko zote nilizofanya. Kwa mama mkwe, hapana.

Kuhusu chakula: Kariba wanavua kapenta, samaki wale wale wadogo wa Tanganyika, walipelekwa pale kwa makusudi miaka ya 1960. Ukikaa na wavuvi jioni watakupa na nshima, yaani ugali, na ukiita bukari wanaelewa.

Mama_BelAir

Tumekaa leo wote watatu mezani. Tumechukua nyumba ya majini ya vyumba vichache, Chobe, Agosti. Nimewapigia na nimeuliza kama mlivyonifundisha. Boti za kutokea ni mbili, watu sita sita, asubuhi na jioni. Mwongozaji ni Msubiya wa Impalila. Chumba cha mama mkwe kitakuwa cha chini, na sitaha ya chini ina kivuli, kwa hiyo siku asiyotaka boti atakaa pale na mto utampitia mbele. Kijiji tutakwenda kwa mguu na tumeomba mzee wa kuzungumza naye. Jile wanazo kwa kila mtu, na nilipouliza hawakuchukia.

Imebaki karatasi. Njia_ya_Kasumbalesa, tuambie.

Njia_ya_Kasumbalesa

Hongereni sana, mama. Karatasi: kitabu cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila mmoja, pamoja na mama mkwe, na kiwe cha asili, kutoka Kongo watakidai. Muulizeni daktari pia dawa ya malaria. Mambo ya viza yamalizeni mkiwa bado Lubumbashi, kwa nchi tatu: Zambia, Botswana na Namibia. Watu wanaisahau Namibia. Meli zinakaa upande wake wa mto, kwa hiyo mnagonga muhuri wa kutoka Botswana pale Kasane, boti inawavusha, mnagonga wa kuingia Namibia kisiwani Impalila kwenye ofisi ndogo, ndipo mnapelekwa melini. Kurudi ni hivyo hivyo kinyume. Pasi ziwe na kurasa tupu za kutosha, kwa sababu mkihesabu kwenda na kurudi mihuri inajaa haraka. Na Kasumbalesa fikeni asubuhi na mapema, kabla ya malori.